Unyayo Kwenye Simiti

Filister alisikia kikiburutwa kabla hajakiona. Mkwaruzo wa kitu kizito juu ya sakafu ya udongo, ukatulia, ukaanza tena, kisha sauti ya Cate ikatoka ndani ya nyumba ya Filister ikiwa imejaa ushindi: "Zadock! Njoo uone! Huyu ameficha kitu chini ya kitanda!"

Filister alikuwa ameketi juu ya mkeka mlangoni pa jiko, amevaa koti la marehemu mumewe kama ilivyompasa mjane. Tangu asubuhi alikuwa amejiapiza kwamba siku hiyo hatafungua kinywa. Wachukue wanachotaka, wapakie, waondoke. Alijua kwamba ukimya wake ndio kinga pekee ya kitu kilichokuwa chini ya kile kitanda.

Ilikuwa Februari 1998. Mvua za El Nino zilikuwa bado hazijaikinai nchi, na wiki nne zilikuwa zimepita tangu shimo la dhahabu kule Makalda, upande wa Migori, lilipojaa maji na kumwangukia Willis. Alizikwa hapa kwao, nyuma ya mji wa Mbita, katika jeneza lenye dirisha la kioo ambalo watu walilizungumzia kuliko walivyomzungumzia aliyelala ndani yake. Sasa ilikuwa imewadia siku ambayo Wajaluo huiita keyo nyinyo, yaani kugawana vyuma, na ukoo ulikuwa umekusanyika chini ya turubai kugawana alivyoacha. Havikuwa vingi: baiskeli ya Black Mamba, redio ya kaseti, suti moja ya rangi ya kahawia, saa ya mkononi iliyotembea ilipojisikia, nyundo na matindo mawili.

Mgawaji alikuwa Zadock, kaka mkubwa wa marehemu. Zadock alinunua mbuta kisiwani Remba na kuwauzia watu wa viwanda, na tangu samaki wapande bei tumbo lake nalo lilikuwa limepanda cheo. Jeneza lile alilinunua yeye, na hakuna siku iliyopita bila mtu kukumbushwa. Kando yake alikaa mzee Cephas, baba yao mdogo, ambaye kwa jina ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Cephas alipenda amani, na kwake amani ilikuwa kumpa haki yeyote aliyepaza sauti zaidi.

Walizungumza Kiswahili siku hiyo kwa sababu ya mgeni. Nchagwa, Mkuria aliyechimba pamoja na Willis kwa miaka sita katika shimo moja, alikuwa amefika asubuhi kutoka Makalda na gunia lenye vitu vya mwisho vya rafiki yake.

Zadock aliingia ndani, akatoka yeye na vijana wawili wa ukoo wamekibeba. Wakakitua katikati ya uwanja. Kilikuwa kimefungwa kwa leso ya kitoto iliyopauka, na juu ya leso kamba ya katani; pembeni simiti ilichungulia.

"Shemeji," Zadock alisema, akipangusa mikono. "Hiki ni nini?"

"Ni simiti."

"Mimi si kipofu, naona ni simiti. Nauliza ndani kuna nini."

"Ndani hakuna kitu. Kitu ni hicho kilicho juu."

Cate, mke wa Zadock, hakungoja kuambiwa. Alikata kamba kwa kisu cha jikoni, akafunua leso. Watu waliinama. Kilikuwa kipande cha kizingiti, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, kingo zake zimechongoka pale kilipokatwa. Katikati yake palikuwa na unyayo mmoja mdogo. Kisigino kilikuwa hakijazama sana. Vidole vilikuwa vimezama, kila kimoja na kishimo chake, kama vile mtoto alikanyaga, akahisi baridi, akajisukuma mbele akicheka.

"Mguu?" Cate alisema. "Yaani nyieka, mke mwenzangu wa ukoo, wewe umelala juu ya mguu miaka yote hii?"

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, kile cha mwanzo. Walicheka kama mtu anavyocheka akifungua kikapu akitarajia nyoka na kukuta viazi. Kama Filister angenyamaza hapo hapo, pengine wangekirudisha ndani wenyewe na kuendelea kugombania suti. Lakini mjane hakuwa amelala usiku tatu, na alipomwona Cate akigonga kile kipande kwa mpini wa kisu, alijikuta amesimama.

"Chukueni vyote," alisema. "Chukueni baiskeli. Redio chukueni, na kitanda, na hilo shamba la kando ya mto ambalo Zadock amekuwa akilitazama. Sitasema neno. Mniachie hiki tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza. Kicheko kilikatika. Zadock, aliyekuwa ameinama kuufunga tena mzigo, akauacha, akanyooka taratibu. Filister aliona wazo likimwingia machoni.

"Rudia, shemeji. Shamba utoe?"

"Nitatoa."

"Shamba. Kwa simiti."

"Ni mguu wa Apondi," Filister alisema. "Sina picha yake. Sina hata nguo yake ila hiyo leso. Ni mguu wa mtoto wangu, Zadock."

Ilikuwa kweli yote. Walipanga chumba kimoja Makalda, na Willis alikuwa amemwaga simiti mlangoni ili maji yasiingie. Apondi, akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, aliponyoka mikononi mwa mama yake akakanyaga. Willis alichukua mwiko kusawazisha, kisha akauweka chini. "Acha," alisema. "Siku akiwa mkubwa na kiatu kikubwa kama mashua, tutamwonyesha." Miezi minane baadaye surua ilipita katika vile vyumba vya wachimbaji ikachukua watoto sita. Mvua ilikuwa imekata barabara, mtoto hangeweza kuletwa nyumbani, akazikwa nyuma ya nyumba. Filister akawa anashinda mlangoni. Alikula akiwa ameketi pale, akachambua mboga pale, akawafukuza kuku wasipite pale.

Mwenye nyumba alipouza kiwanja na mnunuzi kusema atabomoa, Filister alikuwa amerudishwa nyumbani Mbita, na Willis alikuwa ndiyo kwanza amekutana na mshipa wa dhahabu, mmoja wa ile ambayo mchimbaji huipata mara moja akaisimulia mpaka uzeeni. Wenzake walimshauri anunue makochi. Walimwambia mwanamke aliyefiwa na mtoto hupona akiona makochi. Yeye aliacha shimo siku tatu, siku ambazo mshipa ulikuwa bado unatoa na wengine wanachota, akakaa mlangoni na tindo akikata kile kizingiti polepole, kidogo kidogo, kwa sababu pigo moja la haraka lingekipasua. Akakifunga kwa blanketi nyuma ya baiskeli. Akakisukuma mpaka Karungu, akakipakia mashuani, akakaa nacho mapajani mpaka Mbita. Alipokitua mbele ya mkewe hakusema neno lolote la maana. Alisema, "Mgongo umeniuma." Katika ndoa yao nzima Filister hakupewa kitu kingine kilichomfanya alie namna ile.

Alikificha kwa sababu ya mama mkwe. Susana hakuwa amesamehe mtoto wa ukoo kuzikwa ugenini, na angeambiwa kuna unyayo wa marehemu unalala chini ya kitanda cha watu walio hai, angekitupa ziwani siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kilikaa gizani miaka mitatu, na sasa, mchana kweupe, giza hilo lilikuwa ushahidi dhidi yake.

"Hebu tufikiri kama watu," Zadock alisema. Hakuwa akimwambia yeye, aliwaambia watu wa turubai. "Ndugu yangu amechimba dhahabu miaka sita. Si viazi. Dhahabu. Amekufa hana kochi, hana ng'ombe, viatu tumemzika navyo ni vyangu. Ilienda wapi? Mwizi akiingia kwako anatafuta wapi? Ndani ya godoro. Kwenye unga. Nani anavunja simiti? Willis alikuwa na akili kuliko sisi sote. Na mguu juu yake, ili mtu akiona aone huruma, apite!"

"Eh!" wakasema watu. Baadhi walipiga makofi.

"Hakuna mtu anabeba simiti kutoka Makalda mpaka hapa kwa sababu ya mguu," Cate aliongeza. "Mguu! Mimi wangu wanne wananikanyagia nyumba kila siku, mnataka niwauzie?"

Filister alimgeukia Nchagwa. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi, kofia magotini.

"Shemeji Nchagwa. Wewe ulikuwepo. Ulimshikia tindo la pili. Waambie."

Nchagwa alifungua mdomo. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na Filister aliwahi kumpikia mara zisizo na idadi. Siku ile ya tatu ya kukata, ni yeye aliyepiga magoti upande wa pili na kupokea kipande kisianguke, akakipokea kama mkunga anavyompokea mtoto.

"Kabla hujasema, bwana Nchagwa," Zadock aliingilia. "Unajua kusaga mawe na kuosha dhahabu?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Zebaki unayo?"

"Kidogo. Iko kwa mfuko."

"Vizuri. Umefika hapa kwa miguu kutoka stendi, nimeambiwa. Na hii baiskeli bado haijapata mwenyewe." Zadock aliigonga kengele ya Black Mamba kwa kidole. Ikalia vizuri, kengele ya baiskeli iliyotunzwa. "Sasa sema. Ndani ya simiti kuna nini?"

Nchagwa aliitazama baiskeli. Aliitazama muda mrefu kuliko mtu anavyopaswa kuitazama baiskeli ya rafiki aliyekufa.

"Mimi sijui," alisema mwishowe, akiiambia kofia yake. "Nilimwona tu akienda na mzigo."

Filister hakulia.

Cephas alikohoa. Akasema, kwa ile sauti yake ya kutaka kila mtu afurahi, kwamba mambo yafanywe kwa utaratibu: kipande kisivunjwe kienyeji, kivunjwe mbele ya mjane mwenyewe, macho yake yaone, ili kesho asiseme ameibiwa.

"Sawa kabisa," Zadock alisema. "Na kuosha kunataka maji. Atayaleta nani?"

"Alete yeye," Cate alisema. "Kama hakuna kitu ndani, anaogopa nini?"

Wakampa mitungi miwili. Filister alipiga magoti mbele ya Susana. Mama mkwe alikuwa ameketi mguu mmoja ameunyoosha, akichokonoa meno, na kwa siku nzima hakuwa amesema lolote.

"Mama. Ni mjukuu wako. Nishikie mpaka nirudi. Tafadhali. Waache hata nikiangalie mara moja tu, kisha wafanye wanavyotaka."

Susana alinyoosha mkono, akauweka juu ya simiti, kiganja chake kikafunika unyayo wote. "Nenda, nyar Karungu," alisema, akimwita binti wa Karungu, alikozaliwa. "Nitakiangalia."

Alikwenda mbio. Kutoka bomani hadi ziwani kulikuwa na mteremko wa mawe, na aliushuka akiwa peku, koti la Willis likimpiga magotini. Alisukuma magugu-maji kwa mtungi wa kwanza, ukajaa polepole, ukabubujika kwa uvivu. Alikuwa akiinamisha wa pili aliposikia mlio. Ko. Ko. Alidhani ni mafundi wa mashua. Kulikuwa na mashua mbili zimepinduliwa pwani pale. Akatazama. Hakukuwa na mtu kwenye mashua. Ko. Mlio ulitoka juu.

Aliutupa mtungi wa pili. Wa kwanza aliubeba, hakujua kwa nini, akapanda nao, maji yakimwagikia shingoni. Akafika akihema kama mnyama.

Kinu chake mwenyewe, kile alichotwangia karanga, kilikuwa kimesimamishwa katikati ya uwanja. Nchagwa alikuwa ameshika mchi. Juu ya gunia palikuwa na mabonge ya simiti yaliyobaki, hakuna lililozidi ngumi. Filister alijitupa juu ya gunia akapekua kwa vidole. Alitafuta kishimo, ukingo, chochote cha mviringo. Alipata bonge moja lenye upande laini, akaligeuza, na kabla hajaliona sawasawa mkono wa Zadock ukalichukua ukalitia kinuni.

"Mmesema mtaningoja," alisema. "Mzee. Ulisema."

Cephas alitazama mawingu. "Wewe ulichelewa kidogo, mwanangu."

"Mama! Ulisema utakiangalia!"

"Si nilikiangalia?" Susana alisema. "Nilikiangalia mpaka kikaisha. Hukusema niangalie wasivunje." Na yule bibi alicheka, kicheko kikavu, akawatazama wengine wacheke naye. Walicheka.

Kusaga kuliendelea mpaka simiti ikawa unga wa kijivu. Cate alileta karai. Filister hakuondoka. Alikaa chini pembeni ya kinu, na kila mchi uliposhuka alifumba macho, akijaribu kukiona kile kipande kama kilivyokuwa asubuhi, kukishika kabla hakijamponyoka. Kisigino kisichozama, ndiyo. Vidole, ndiyo. Kisha akajiuliza ulikuwa mguu wa kulia au wa kushoto. Akauona wa kulia. Akauona tena, ukawa wa kushoto. Mara elfu alipitisha kidole chake ndani ya ule unyayo na hakuwahi kujiuliza, kwa sababu ulikuwepo. Sasa hapakuwa na wa kumuuliza. Willis angejua.

Nchagwa alimimina unga kwenye karai, akatia maji aliyoyaleta Filister, akazungusha. Kazi yake aliijua. Watu walimzunguka wakizuia pumzi. Maji yalizunguka, matope mepesi yakatoka ukingoni, yakamwagikia chini, yakafuata mfereji mdogo kuelekea kwenye migomba. Kuku wawili walikuja kuchungulia.

"Ile pale!" Cate alipiga kelele. "Inang'aa! Mungu wangu, inang'aa!"

"Ulanga," Nchagwa alisema bila kuinua kichwa. "Uko kwa kila mchanga." Akazungusha tena. Akatia tone la zebaki, ambayo hunasa dhahabu, akalisugua kwa kidole kwenye mchanga uliobaki, akalikusanya, akalitazama juani. Lilikuwa safi, jeupe, halikushika chochote.

"Hakuna," alisema.

"Osha tena."

"Mara tatu nimeosha. Hakuna, bwana."

Mtu mmoja nyuma alianza kukunja kiti chake. Cephas akasema, "Basi, ni kama mjane alivyosema," kwa sauti ya mtu anayetarajia kushukuriwa. Hakuna aliyemtazama Filister. Kama Zadock angekuwa mtu wa kuona haya, mambo yangeishia pale, na mjane angebaki na matope yake.

Lakini Zadock alikuwa amefedheheka mbele ya ukoo mzima, na kwake fedheha lazima ibebwe na mtu mwingine. Alilipiga karai teke. "Mjanja huyu," alisema. "Ametuonyesha huku, kitu kiko kule. Nimeelewa sasa. Nimeelewa! Kwa nini mtoto alizikwa Makalda?"

"Barabara ilikuwa imekatika," Filister alisema.

"Barabara! Mtoto wa ukoo, azikwe kule kama paka," Susana alisema. "Nilisema tangu siku ile. Nilisema kuna jambo."

"Kaburi dogo," Cate alisema polepole, na macho yake yakapanuka. "Nani atafukua kaburi la mtoto?"

"Mimi," Zadock alisema. "Kesho asubuhi. Kwenye kaburi hakuna simiti, nitatumia jembe tu. Bwana Nchagwa, unajua mahali?"

Mikono ya Nchagwa ilikuwa ya kijivu hadi kwenye viwiko.

"Nakuuliza, unajua mahali?"

"Najua."

Filister aliinuka. Alifuta mikono kwenye koti la Willis, mkono mmoja, kisha mwingine, bila haraka. Aliwatazama wote kwa zamu, nao waliona uso ambao hawakuuzoea, uso mtulivu wa mtu anayekubali yaishe.

"Kaa, shemeji," alisema. "Usihangaike na safari. Nimechoka. Nitasema."

Zadock alikaa.

"Nani alimwaga sakafu ya nyumba yako?"

Nyumba ya Zadock ilikuwa pale pale, upande wa pili wa ua, kubwa, bati limepakwa kijani, madirisha ya vioo. Ndani yake kulikuwa na sakafu nyekundu iliyosemwa mpaka Homa Bay, simiti laini iliyochanganywa na rangi, ambayo Cate aliisugua kwa nta kila Jumamosi akiwa amepiga magoti mpaka ikamwonyesha uso wake. Hakuna aliyeingia na viatu, hata kasisi.

"Willis," Zadock alisema. "Alinijengea kama zawadi."

"Wiki mbili aliacha shimo. Aje huku, akumwagie wewe sakafu, bure. Wewe umesema leo hakuna mtu anabeba simiti kwa sababu ya mguu. Kuna mtu anaacha dhahabu kwa sababu ya sakafu?" Alisubiri. "Alikuja na magunia mawili kutoka Makalda. Wewe ulikuwa Remba, sisi alituambia ni mchanga. Kuna mtu analeta mchanga ziwani?"

Hakukuwa na magunia. Willis alikuja mikono mitupu na mwiko kiunoni, kwa sababu kaka yake alimwomba, na kwa sababu alimpenda. Lakini Filister aliuona uongo ukimwingia Zadock kirahisi, bila kugonga popote, kama maji yanavyoingia kwenye mtungi. Ukweli ulikaa uwanjani asubuhi nzima ukiomba mtu mmoja wa kuuamini, na uongo haukuhitaji hata kukaribishwa kiti.

"Alisema mwizi atavunja nyumba ya maskini," Filister aliendelea, "lakini hawezi kuvunja nyumba ya Zadock. Aliniambia nikuambie siku nikizeeka, au ikibidi."

"Anadanganya," Cate alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Zadock, anadanganya huyu. Magunia gani? Mimi sikuona magunia."

"Wewe ulikuwa kwenu umejifungua," Filister alimjibu.

Zadock alimgeukia Nchagwa. Filister pia. Uhai wa yale maneno ulikuwa mikononi mwa yule Mkuria, kama vile asubuhi. Aliyajua yote. Alijua Willis aliondoka na nini na akarudi na nini. Angeweza kusema neno moja, na kesho jembe lingeshuka juu ya lile kaburi dogo la Makalda.

Nchagwa alimtazama mjane usoni kwa mara ya kwanza tangu alipoitazama baiskeli.

"Ni kweli," alisema. "Magunia mawili. Mimi ndiye nilimsaidia kuyafunga."

Kama ilikuwa toba au tamaa ya kulipwa mara ya pili, Filister hakujua, na hakutaka kujua. Zadock alikuwa tayari amechukua nyundo ya marehemu.

Cate alimshika mkono, akamshika shati, akamwita kwa majina ya nyumbani, na alipoona hasikii akajilaza mlangoni. Mumewe akamruka. Pigo la kwanza lilisikika tofauti na yale ya asubuhi, zito, la ndani, na baada yake kikatoka kilio ambacho mtu angeapa ni cha msiba mpya. Watu walisogea wote upande ule. Vijana walitafuta mtaimbo. Susana aliinuka kwa shida, akafuata, akiuliza kila aliyempita kama kimeonekana kitu. Vipande vyekundu vilianza kutoka mlangoni, vikarundikwa barazani, na Nchagwa akakisogeza kinu karibu.

Filister alibaki peke yake chini ya turubai. Kuku walikuwa wamekanyaga yale matope ya kijivu hadi kwenye migomba, na hakujaribu kuwafukuza. Alisikiliza. Alitarajia kila pigo limpe kitu, nafuu kidogo, hata utamu wa kulipiza kisasi. Yalikuwa mapigo tu.

Jua lilikuwa limeegemea ziwani Zadock alipotoka, nywele, nyusi na tumbo vikiwa vyekundu kwa vumbi, nyundo mkononi. Sebule ilikuwa imekwisha, na chumba cha wageni. Alimjia akipepesuka kidogo.

"Shemeji," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo alizungumza naye kwa adabu. "Hatujaona bado. Alisema ni upande gani?"

Filister alifikiri, kama mtu anayejaribu kukumbuka vizuri asije akamkosea mwenzake.

"Chumba chenu cha kulala," alisema. "Chini ya kitanda. Na usiogope kwenda chini, shemeji. Unamjua ndugu yako. Hakuwa mtu wa kuchimba juu juu."

Zadock alimshukuru, akarudi ndani.